Mlango wa Ukumbini

Siku hizo milango ya dharura ilifunguka yenyewe, jengo likishaamini kwamba kuna moto. Binadamu hakuweza kuifungua. Mwanaidi alikuwa kwenye harusi ya mdogo wake, Shomari, aliposikia harufu ya waya unaoungua. Akamshika mwanawe mkono, akasukuma kando viti vilivyorundikwa mbele ya mlango.

“Fungua!”

“Hakuna moto, mama,” mlango ulimjibu kwa upole. “Rudi ukale.”

Wageni wakacheka. Shomari akamfuata, uso umemshuka. “Dada, unatuaibisha. Ungekuwepo moto, jengo lingejua.”

Akarudi kwa bibi harusi. Mwanaidi alibaki palepale, akampakata mtoto, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umeshika joto.

“Fungua, nakuomba,” alisema.

Safari hii mlango haukujibu kitu.