Chumvi ya Siku ya Supu

Mgeni alikuja kuomba ngazi, akajikuta amekalishwa mezani kabla hajamaliza maneno yake.

"Mimi jirani mpya, nimehamia hapo nyumba ya pili. Nilitaka ngazi tu, balbu imeungua," alisema, lakini mama mwenye nyumba alishamvutia kiti. Siku ya Supu, aliyegonga mlango wa nyumba ile hakuondoka na tumbo tupu.

Binti mkubwa, ambaye hata nyumbani walimwita Dereva, alisogea kumpisha shingo upande. Alikuwa amerudi na lori lake kutoka safari ya mbali ili asiikose siku hii, na hakutaka mtu wa nje aione.

Sikukuu zao hazikuwa kwenye kalenda ya mtu mwingine yeyote. Mama alikuwa mpishi wa hoteli. Watu wengine waliposherehekea, yeye ndiye aliyewapikia. Basi baba akaitungia nyumba yake sikukuu zake, akizipanga kwa zamu za mama: Siku ya Mkate, Siku ya Yai, Siku ya Viazi, na kubwa kuliko zote, Siku ya Supu.

Kisha mama akapatwa na homa kali. Ilipomwacha, iliondoka na ladha na harufu zote. Asali na dawa ya kikohozi vikawa mamoja kinywani mwake. Hoteli ikampa mkono wa kwaheri. Baba, ambaye wakati huo naye alikuwa kitandani na hakutazamiwa kuinuka, aliwaita watoto wake wawili.

"Jiko ndilo pekee lililombakia mama yenu," aliwaambia. "Siku za sikukuu akiwapikia, malizeni bakuli. Na asiwaone mmekunja uso."

Waliahidi. Kwa hiyo hata leo, supu ilipopakuliwa, kila mtu alijikaza.

"Nyie kuleni," mama alisema. "Mpishi hushiba kwa harufu."

Ulikuwa utani wake wa zamani, wa kabla ya homa. Mama alisimama mlangoni pa jiko, mikono ndani ya aproni, akiwatazama nyuso mmoja baada ya mwingine.

Dereva alimeza kijiko cha kwanza. Chumvi ilimpiga kama kofi. Ilikuwa imezidi ya mwaka jana, na ya mwaka jana ilishazidi ya mwaka juzi.

"Leo umetuweza, mama," alisema.

"Mkono ni ule ule," alidakia mdogo wake, kinyozi, machozi yakimlengalenga. Mkewe alikuwa anajimiminia maji tena.

"Mwanangu, ukimaliza maji hayo kapunguze moto," mama alimwambia mkamwana wake. "Vitunguu vya kuongezea vinaanza kushika."

Kweli, vilikuwa vinashika. Mazoea hayo, Dereva aliwaza. Mtu aliyekaa jikoni umri wake wote hata akifumbwa macho anajua.

Hapo ndipo mgeni alipoweka kijiko chini.

"Samahani, mama," alisema. "Supu hii chumvi imezidi. Hailiki."

Dereva hakungoja aongeze neno. Alimshika mkono wa shati, akamtoa hadi uani.

"Wewe, mdomo wako hauna breki?"

"Dada, mimi nimesema tu nilicho—"

"Umekuja kuomba ngazi au kukagua sufuria za watu? Yule mama hasikii ladha! Hajaisikia tangu baba yangu yuko hai. Sisi tunameza, tunasifu, tunashukuru. Wewe hata godoro hujalitandika, umeshamvunja moyo mbele ya wanawe."

Mgeni aliinamisha kichwa. Aliona haya kweli. "Sikujua, dada. Nisamehe." Kisha, kwa sauti ya chini, "Sasa huwa anaambiwa na nani?"

"Anaambiwa nini?"

"Kwamba imezidi."

"Hakuna!" Dereva alimsukuma kuelekea mlangoni. "Ingia ndani useme umekosea. Sema una mafua. Sema lolote, ilimradi uso wake urudi."

Wakarudi. Mgeni alisimama mbele ya mama, macho sakafuni.

"Mama, nimeambiwa niseme kwamba nilikosea."

Kinyozi alipaliwa. Dereva alitamani lori lake liwe pale sebuleni limpitie, tena likiwa na shehena.

"Na ulikosea?" mama aliuliza.

Mgeni alimtazama Dereva, akamtazama mama. "Hapana, mama."

"Haya. Ngazi iko nyuma ya tangi la maji. Ukiirudisha kesho, njoo na njaa yako, baba." Alimpigapiga begani, akamsindikiza mpaka kizingitini kama anayeaga mtu wa damu yake.

Mlango ulipofungwa, ule upole ukaishia pale pale. Mama alirudi, akavuta kiti cha mgeni, akaketi. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kumwona amekaa mezani siku ya sikukuu. Alichukua kijiko cha mgeni, akachota supu kwenye bakuli lile, akaiweka mdomoni.

Akakunja uso.

"Mwaka ule ule tuliomzika baba yenu, ladha ilinirudia," alisema. "Tangu hapo kila sikukuu naongeza chumvi, nangoja mwanangu mmoja, mmoja tu, aniambie."

Kinyozi alisukuma bakuli lake kando. Mama hakumwangalia, macho yake yalikuwa kwa binti yake, aliyekuwa bado amesimama.

Dereva aliliangalia bakuli lake, lililokuwa bado limejaa. Akaketi. Akala kijiko kwa kijiko mpaka likabaki tupu, na muda wote huo hakukunja uso, kama alivyomwahidi baba.