Mweusi Hafiki Mwisho

Katika ukurasa wa kwanza, yule mweusi alikuwa amekwishakufa.

Mwinjuma aliruka juu ya mkeka kwa furaha. "Si niliwaambia? Mweusi hafiki mwisho! Nasma ni wangu!"

"Kaa chini," alisema Maalim Mwinyimvua. "Kitabu ndiyo kwanza kinaanza."

Mtoro hakuwa na wa kumlaumu ila ulimi wake. Kitabu kilitoka kwenye mtumba wake mwenyewe, enzi hizo za ruksa nguo za Marekani zilipoanza kumwagika Kibiti. Kilikuwa kitabu cha picha, jalada limenyofoka, Kiingereza chake hakuna aliyekijua. Ndani yake alikuwamo mzungu mwenye joho la kijani na mwenzake mweusi, jitu la miraba minne lenye ngumi za shaba. Mtoro akajitapa sokoni kwamba huyo mweusi hashindwi na kitu. Mwinjuma, mwenye banda la video na jenereta, akacheka hadi akapaliwa. Yeye picha za Kimarekani ameziona hadi zinamtoka puani: mweusi hufa mapema ili mzungu apate wa kumlilia.

Tatizo ni kwamba wote wawili walikuwa wamemposa Nasma, mjane muuza vitumbua, naye akasema neno liko kwa baba yake mdogo. Baba mdogo ndiye huyo Maalim. Alikuwa amefundisha watoto Kurani tangu ndevu zikiwa nyeusi, shule ya serikali hakuikanyaga hata siku moja, na posa mbili zinazogombana barazani zilikuwa zimemchosha. Akakichukua kitabu, akakifungua kama afunguavyo msahafu. Kila alasiri angewafunulia ukurasa mmoja. Mwishoni mweusi akiwa hai, Nasma aolewe na Mtoro. Akiwa maiti, na Mwinjuma.

"Maalim, hii si kamari?" aliuliza Mtoro.

"Ni ushauri."

Sasa maiti ilikuwa hiyo hapo, chini ya kifusi, na mzungu analia. Mtoro aliinua macho akamwona Nasma mlangoni na sinia lake, anachungulia kitabu na kutabasamu. Moyo ulimuuma. Kumbe Nasma anapenda jenereta!

Alasiri ya pili, matofali yote yalikuwa yamepaa hewani juu ya kichwa cha mweusi. Ya tatu, ukuta ulikuwa umesimama wima na yeye chini yake, mzima, anapigana.

"Maiti anafufukaje?" alifoka Mwinjuma.

"Ndiyo nguvu zake hizo," alijibu Mtoro, akaanza kupata usingizi tena.

Siku zikapita, na mweusi akazidi kupendeza. Vidonda vikafunga. Shati lake lililochanika likarudi zima. Hata maadui zake walibadilika: wakaingia benki na magunia ya fedha, ukurasa uliofuata wakaonekana nje ya mlango, mikono mitupu.

"Majambazi gani hawa?" Mwinjuma aliuliza, sauti imemkauka.

"Wametubu," alisema Maalim.

Katika ukurasa wa mwisho, mweusi alikuwa jikoni kwa mama yake, anakunywa chai, hana hata mkwaruzo. Baraza zima likapiga vigelegele. Mwinjuma alikuwa muungwana. Alimpa Mtoro mkono, akaenda zake akitikisa kichwa, maana picha ya namna ile hajapata kuiona.

Ndoa ilifungwa Mfungo Mosi. Asubuhi ya pili Mtoro alitoka uani akamkuta mkewe anachochea jiko kwa kurasa za kile kitabu, moja baada ya nyingine.

"Nasma! Nilitaka wanangu waje wakisome!"

"Ndiyo maana nakichoma, mume wangu," alisema Nasma, akasukuma ukurasa mwingine motoni. "Wanao watakwenda shule, na huko watafundishwa kwamba kitabu hiki kinaanzia pale Baba Mdogo alipomalizia."