Video ya Kitambaa Cheupe

Mama Khadidja alikichana kile kitambaa cheupe kwa mikono, bila mkasi. Orlane, msaidizi wake wa dukani, akaruka kuchukua simu.

"Mama, ngoja kidogo! Nikupige video?"

Mama Khadidja aliitazama ile simu kwa jicho la pembeni. Mtaa mzima wa Buyenzi unamjua kwa kushona nguo za maharusi, lakini kamera hakuzipenda hata siku moja. "Piga," akasema mwishowe. "Sura yangu usiweke. Mikono inatosha. Mutu wa kuelewa ataelewa."

Wacha we! Orlane nusura apige vigelegele. Mwaka mzima alikuwa akiendesha ukurasa wa Instagram wa duka lile, na mwaka mzima alikuwa akimwinda mtazamaji mmoja tu. Wateja walikuja, Mungu ashukuriwe, lakini moyo wake ulikuwa kwa Fatouma, mtoto pekee wa Mama Khadidja.

Fatouma alivuka mpaka wa Gatumba akaenda Uvira kuishi na Gaël, kijana Mkristo, bila ndoa wala baraka za nyumbani. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akatamka neno ambalo mzazi hapaswi kulitamka: "Mi sina mutoto tena." Fatouma akabadili namba ya simu. Hasira hasara, jamani! Tangu siku ile kila mmoja aliumia upande wake wa mpaka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuita.

Orlane mwenyewe ni mtu wa kanisa. Mambo ya ndoa za Kiislamu hakuyaingilia. Alichokijua ni simu, basi akapigana kwa simu. Alianza na picha, sanamu za dukani zimevishwa magauni, kila siku picha. Fatouma kimya. Akajaribu video fupi: sasa hivi kitambaa, mara gauni limeshavaliwa na bibi harusi. Kimya. Akawaomba watu wachague kati ya lesi mbili. Watu walichagua wakagombana, Fatouma hakuonekana.

Ndipo siku moja akaweka story ya mashine inashona, na nyuma yake ikasikika sauti ya Mama Khadidja ikiomba chai. Basi! Jioni, kati ya majina ya waliotazama, jina la Fatouma lilikuwepo.

Orlane alilia palepale kwenye kiti. Kumbe yule mtoto hana haja na magauni, anamtaka mama yake! Kuanzia hapo sanamu akaziweka kando. Aliweka mikono ya mama ikitunga shanga. Aliweka mama anapiga pasi huku anaimba kaswida, kikohozi kinamkatiza, anaanza tena. Kila mara Fatouma alitazama, na kila mara hakuandika hata neno moja. Mama naye, akiambiwa, aligeuza uso ukutani na kusema ana kazi.

Na leo kitambaa cheupe! Orlane alisogeza simu karibu. Mama alikipima kwa kukinyoosha kwenye mwili wake mwenyewe, kutoka utosini hadi chini ya unyayo. Orlane akatabasamu: Fatouma na mama yake urefu wao ni mmoja. Vipande vikawa vitano. Mashine hakuigusa. Alivitia manukato, akavikunja kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja alipumzika kidogo.

"Ni ya Fatouma, eeh?" Orlane akanong'ona.

Machozi yakamshuka Mama Khadidja, akayaacha yashuke. "Muambie nimemusamehe," alisema. "Muambie mi ndiye nilikosa. Na we pia unisamehe, Orlane. Nimekupigia makelele sana."

"Aah, Mama! Makelele ya muzazi ni makelele?"

"Sema tu umesamehe."

"Nimesamehe, Mama."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Orlane alirudi kwao Nyakabiga akiwa amevimba kwa furaha, na kabla ya kuvua viatu aliiweka ile video kwenye story. Chini yake akaandika: "Mama amesamehe. Bibi harusi, rudi nyumbani, nguo yako inakatwa."

Ukurasa haukuwahi kuona kitu kama kile. Mioyo ilimiminika. "Félicitations!" "Bei gani?" "Na mimi nataka kama hiyo!" Wateja wa Buyenzi, wale wanaomjua mama tangu zamani, waliandika tu "Ya Rabbi," Orlane akaona wamevutiwa mpaka wamekosa la kusema. Kati ya waliotazama, jina la Fatouma lilikuwa la mwanzo-mwanzo.

Asubuhi Orlane alifungua duka akiimba. Mlango wa chumba cha ndani, anakolala Mama Khadidja, ulikuwa bado umefungwa. Akaona amwache, jana alichoka, na leo huenda akapokea mgeni.

Na kweli, chai haijachemka, pikipiki ikasimama nje. Fatouma akaingia kwa kukimbia, mtandio umemdondokea mabegani, vumbi la njia ya Gatumba limempanda hadi magotini.

"Karibu, bibi harusi!" Orlane akafungua mikono.

Fatouma hakuiona mikono ile. "Mama iko wapi?"

"Iko ndani, analala. Nimemuacha apumuzike. Yo, dada, umerudi! Umeona ile nguo?"

Fatouma akashika meza ya kukatia kwa mikono miwili. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

"Orlane, ile ni sanda. Mama alikuwa anamukatia nani?"