Mkono Usiosubiri Kuombwa

Katika chuo cha mafundi wa vyombo vya upasuaji, mwanafunzi hakufundishwa tena kusikiliza. Alipandikizwa uzi wa hisi kwenye kifundo cha mkono, na tangu hapo mkono wake ukajua daktari anataka chombo gani, ukampa kabla hajafumbua kinywa.

"Msishindane nao," mwalimu aliwaasa. "Ukisita, mgonjwa anavuja damu."

Tunu aliwapita wenzake wote. Kasheshe ilikuwa nyumbani. Mumewe, Shomari, akiwaza chumvi tu, chumvi imeshatua kiganjani mwake, pa! Mwanzoni walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Jioni moja Shomari alikula huku macho yakimkimbilia mlangoni.

"Baba Rehema, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mke wangu. Uchovu tu."

Akanyoosha mkono mezani kama anayeomba maji. Mkono wa Tunu ukalipita jagi. Ukamwinua Tunu kitini, ukamkokota hadi chumbani, ukafungua kabati. Akaukaza, akauvuta nyuma. Wapi!

Ukamrudisha mezani, na begi la safari likatua kiganjani mwa Shomari, pa!

Alilitazama kwa mshangao, kama mtu aliyetobolewa siri asiyoijua mwenyewe. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaufumbata mshikio.