Chupa Mia za Uzi Mwekundu

"Hakuna anayezijua taka za mkoa huu kunizidi," Bibi Gunia aliuambia mkutano. "Kuhesabu tu ndiko kunakonishinda. Nikifika mia narudi moja."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Meneja wa kampuni ya taka. Ndiye aliyelizungushia jalala uzio, akawafukuza waokotaji, na kibanda cha bibi huyu akakitia moto, godoro na magunia yote yakiwa ndani. Tangu siku hiyo hasira ilimkaa Bibi Gunia kooni kama mwiba wa samaki: haimezeki, haitemeki.

Sasa Meneja alidai kwamba kampuni yake inarejeleza chupa tisini katika kila mia. Mkaguzi aliyetumwa kuhakiki hakuwa na pa kushika: mizani mbovu, daftari tupu. Kama angemwamini, mkataba wa kampuni ungeongezwa na uzio ungebaki miaka kumi mingine.

"Mwanangu," bibi akamwambia mkaguzi, "nipe mwezi mmoja. Nitafunga uzi mwekundu kwenye shingo za chupa mia, nizitawanye mitaani. Zitakazofika kiwandani kwake, hiyo ndiyo hesabu."

Mkaguzi akakubali.

"Fundo la namna gani, bibi?" Meneja aliuliza, mpole kama paka mbele ya tundu la panya.

"La kufungia gunia tu, baba. Mimi najua lipi jingine?"

Njiani binti yake alimsihi, "Mama, mwachie Mungu."

"Mengine nimemwachia. Huyu ni wangu."

Wiki ya pili mlinzi wa Meneja alipita, akamkuta kibarazani kwa binti yake, donge la uzi mwekundu mapajani.

"Umefika ngapi, bibi?"

"Usinisemeshe! Umenipotezea, sasa narudi moja."

Siku ya hesabu Meneja alikuja na gunia limetuna, akalimwaga mezani. Mkaguzi alihesabu polepole. Chupa tisini na mbili, kila moja na uzi wake mwekundu, fundo la gunia.

"Nimeziona kwa macho yangu zikishushwa kwenye malori," Meneja akasema. "Zote zimetoka mitaani."

Waokotaji wakainamisha vichwa. Binti akaanza kulia.

Bibi Gunia alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Unisamehe, mkaguzi," akasema. "Mwezi huu magoti yalinitesa mno. Sikufunga hata chupa moja."