Kalenda ya Bure

Kamanthe aliacha kuchambua mbegu za ndengu, akachungulia kompyuta ya bintiye, aliyekuwa akiitengenezea zahanati ya kijiji programu ya kupanga siku za wagonjwa.

"Hicho unachoongeza ni nini?"

"Kalenda, mama, ya kuingiza ndani ya programu. Imeandikwa tayari, kila mtu huichukua bure mtandaoni."

"Nani aliiandika?"

"Simjui."

Kamanthe akamwekea kiganjani ndengu moja yenye tundu la fukusi, unga mweupe ukimwagika. "Hata hii nilipewa bure kule Kola. Lazima nichambue moja moja, ndio nipande."

Binti akacheka, lakini kabla ya kubonyeza akaifungua ile kalenda, akaanza kuyasoma maagizo yake mstari kwa mstari. Ghafla kicheko kikakatika.

"Mama, hii kalenda inayapeleka wapi majina ya wagonjwa?"