Magome ya Nungunungu

Palikuwa na Nungunungu, bingwa wa kutunga hadithi. Aliziandika kwa mwiba wake juu ya magome ya miti, na hakuna mtoto wa mnyama aliyelala bila kusomewa. Siku moja akafumaniwa akiiba viazi vya Fuko, wizi uleule ambao awali Panya alikuwa amesingiziwa hata akafukuzwa kijijini msimu mzima.

Panya akaitwa arudi, akaombwa radhi. Kanga, mwepesi wa hasira, akayarundika magome yote.

"Dada Panya, wewe ndiwe uliyedhulumiwa. Yachome!"

"Siyachomi," Panya akajibu. "Kule porini nilikuwa peke yangu na gome moja tu. Nililisoma nikacheka, nikapata moyo wa kuishi."

Nungunungu akachangamka. "Kumbe umenisamehe, dada yangu!"

"Kwa hadithi, ahsante sana, tena kwa moyo wangu wote. Kwa wizi, mrudishie Fuko viazi vyake, kisha ukakae porini msimu mzima kama nilivyokaa mimi."

Nungunungu akaondoka kichwa chini. Panya akaketi kati ya watoto, akawasomea. Jina la mtunzi akalitaja, na alilolitenda hakulificha.